Kiwanda cha karatasi kinaota moto wa takataka zake. Na koperative yetu je?



Mwaka huu, wakati wa mavuno, tulipita ku depo ya koperative moja njia ya Kasenga. Mahindi ilikuwa imepurwa, mifuko imefungwa vizuri. Pembeni ya depo kulikuwa kilima cha magunzi, ule muti wa katikati wa hindi unaobaki punje zikiisha kutoka. Tuliuliza watafanya nini nayo. Prezida akajibu: "Ile ni takataka, kesho tunaichoma juu ya kusafisha kiwanja."

Siku ileile, mufanyabiashara wa makala alikuwa amekuja na franga mukononi. Alitaka ruhusa ya kukata miombo iliyobaki nyuma ya mashamba yao, muputu na mutondo mikubwa ambayo wazee waliiacha. Wamemba wengine walitaka kukubali, juu ya kulipa masomo ya watoto. Wengine walikataa. Mukutano uliisha bila jibu, na walituomba tuwaandikie hesabu: koperative inaweza kupata moto na franga kidogo mu vitu inavyotupa, bila kugusa ile miti? Tunaiandika hapa kwa wote, kwa sababu tunajua wengi wenu muko na kesi hii.

Tutaanza mbali kidogo, mu viwanda vya karatasi. Juu ya nini karatasi? Kwa sababu ni watu wa kazi ile walioelewa zamani kwamba takataka yao njo kuni yao. Na sheria wanazozifuata ni zilezile zinazofaa depo yetu.

Muti mumoja, nusu mbili

Muti umeundwa na nyuzi ndogo sana, zilizoshikamana kwa gundi ya asili inayoitwa lignini. Mutu wa karatasi anataka zile nyuzi tu. Gundi hapana, kwa sababu inafanya karatasi kuwa ya manjano na ngumu.

Kwa kuzitenganisha, kiwanda kinakata muti vipande vidogo na kuvipika mu chungu kikubwa sana kilichofungwa, pamoja na soda kali na dawa nyingine ya sulfuri, ku moto wa digrii 170 hivi. Namna hiyo ya kupika ilianzishwa na Mujerumani Carl Dahl mu 1879, na hata leo njo inatumika kuliko zingine duniani. Upishi ukiisha, nyuzi zinaoshwa. Karibu nusu ya uzito wa muti mukavu inakuwa nyuzi za karatasi. Nusu nyingine imeyeyuka mu maji ya kupikia: lignini, sukari za muti, na dawa yote. Yale maji yanakuwa meusi kama kahawa nzito.

Hapo mwanzo maji meusi ilikuwa shida kubwa. Ukiyamwaga mu mutoni, samaki wanakufa, na unatupa dawa ya bei kali. Mu miaka ya 1930 mutaalamu mumoja, G. H. Tomlinson, alitengeneza shodieri ya kuyachoma. Ile mashine inafanya kazi mbili mara moja. Lignini inaungua na kuchemsha maji kuwa mvuke. Dawa, ambayo haiungui, inashuka chini kama uji wa moto, inakusanywa, inatengenezwa tena, inarudi ku chungu.

Mvuke unapita kwanza mu turbini na kufanya kuran. Ukitoka pale bado uko na moto, basi unapelekwa ku silinda zinazokausha karatasi. Maganda ya miti na unga wa mbao, nayo inachomwa mu shodieri nyingine. Kwa njia hiyo viwanda vikubwa vya Ufini na Uswidi vinajitosheleza kwa kuran, na vingine vinauzisha inayobaki kwa inchi. Tazameni vizuri: nusu ya muti ilikuwa takataka, leo njo inaendesha kiwanda.

Karibu na sisi

Hatuna kiwanda cha namna hiyo Katanga, lakini mu Afrika ya Mashariki viko. Tanzania kuna kiwanda cha Mgololo, wilaya ya Mufindi, kilichoanza kazi mu miaka ya 1980 ku pembeni ya misitu ya misonobari iliyopandwa kwa kusudi hilo. Kenya kulikuwa kiwanda cha Webuye, Pan African Paper Mills, kilichofanya karatasi tangu 1974 ku mutoni Nzoia.

Webuye inatufundisha upande mwingine. Kilifunga mu 2009, na muji wote uliumia, kwa sababu watu wengi walikuwa wanaishi kwa kazi yake. Wakati wa kazi, watu wa pale walilalamika miaka mingi juu ya harufu ya moshi na maji machafu. Kuchoma takataka si uchawi wa kusafisha kila kitu. Kunahitaji mashine inayotunzwa na mutu anayeangalia. Tutarudilia neno hilo chini.

Mufano wa karibu zaidi uko ndani ya kikombe chenu cha chai. Zambia, kule Mazabuka, kiwanda cha sukari cha Nakambala kinakamua miwa na kuchoma makapi yake. Ule moto njo unachemsha maji ya sukari na kufanya kuran ya mashine. Hapa kwetu Congo, kiwanda cha Kwilu-Ngongo, Kongo-Central, kinachoma makapi vilevile. Hakuna mutu wa sukari anayesema makapi ni uchafu. Anayaita kuni.

Sheria ya kwanza: maji ni adui ya moto

Maji meusi yanapotoka ku chungu hayawezi kuungua. Mu kilo 100, kilo 15 hivi tu njo kitu kinachoungua na dawa. Zingine ni maji. Kiwanda kinayapitisha mu vyungu vitano ao sita vinavyofuatana, na mvuke wa chungu cha kwanza unachemsha cha pili, wa pili unachemsha cha tatu. Mwishoni maji meusi inakuwa nzito kama asali, na hapo njo inaingia ku moto.

Juu ya nini wanajisumbua hivyo? Hesabu ni hii. Kilo moja ya kuni kavu kabisa inatoa nguvu ya megajuli 18 hivi. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula megajuli 2 na nusu hivi. Sasa chukueni kilo moja ya kuni mbichi, nusu muti nusu maji. Ule muti unatoa 9, maji inakula zaidi ya 1, inabaki karibu 8. Kilo ni ileile, lakini moto uko chini ya nusu. Na moshi unakuwa mingi, kwa sababu moto wa baridi hauunguzi vizuri.

Kwa magunzi ni vilevile. Yale yaliyonyeshewa ku kiwanja hayafai. Yale yaliyowekwa chini ya paa tangu siku ya kupura, yanaungua kama majani makavu. Kama mutakumbuka kitu kimoja tu mu karatasi hii, mukumbuke paa. Hata turubai la zamani juu ya miti minne linatosha.

Na imprimeri?

Kazi ya kuchapa vitabu nayo iko na takataka yenye moto. Zile mashine kubwa za kuchapa magazeti yenye kungaa zinapitisha karatasi mu furu ya hewa moto, juu ya kukausha wino haraka. Mafuta ya wino yanakuwa mvuke, na mvuke ule ni mubaya kwa mapafu, hauwezi kuachiliwa inje. Wanauchoma ku moto wa zaidi ya digrii 700, kisha ule moto wanaurudisha mu furu ya kukausha. Takataka ya wino inasaidia kukausha wino.

Imprimeri za Lubumbashi si za namna ile. Hapa wanachapa karatasi moja moja: daftari, fakture, vitabu vya wanafunzi, mabango ya matanga na ya ndoa. Hazihitaji moto mukubwa. Lakini kila kazi inaacha vipande vya karatasi vilivyokatwa ku pembeni, na karatasi zilizochapwa vibaya. Mara nyingi vinatupwa ao vinachomwa nyuma ya nyumba bila faida. Mahali wananunua vipande vya kufanyia karatasi mupya, ni vizuri viende kule, kwa sababu nyuzi za karatasi zinaweza kutumika tena mara nyingi mbele ya kuchoka. Pale hakuna mununuzi, koperative inaweza kuviomba.

Lakini musidanganyike: karatasi peke yake si kuni nzuri. Karatasi nyeupe iko na udongo mweupe ao chokaa ndani, mara nyingine mpaka kilo 20 mu kilo 100. Ule haungui, unabaki majivu. Kazi ya karatasi kwetu ni kuwa gundi. Ukiiloweka siku moja na kuitwanga, nyuzi zinafunguka na kuwa uji. Ule uji ukichanganywa na makala ya unga, ukikauka unashika kabisa. Watu wengi wanatumia uji wa bunga ya muhogo kwa kazi hiyo. Unashika vizuri, lakini ni bukari ya mutu. Kama karatasi ya bure inafanya kazi ileile, bunga ibaki ku sahani.

Hesabu ya depo

Tuchukue koperative inayoingiza tani 20 za punje za mahindi. Kwa kila kilo 100 za punje kuna kilo 15 mpaka 20 za magunzi makavu. Basi pale depo kuna tani 3 mpaka 4 za magunzi.

Magunzi yakichomwa polepole mu pipa bila hewa ya kutosha, yanakuwa makala. Kwa fundi mwangalifu, kilo 100 za magunzi zinatoa kilo 20 hivi za makala. Tani 3 zinatoa kilo 600. Mu tanuru ya udongo ya zamani, kilo 100 za muti mukavu zinatoa kilo 10 mpaka 20 za makala; tuseme 15. Kupata kilo zile 600 kwa miti, ingebidi kukata tani 4 za muti, na zaidi kama ungali mubichi.

Tuseme ukweli pia. Kilo 600 haziwezi kulisha muji wa Lubumbashi, hata avenue moja kwa mwaka mzima. Mutu akiwaambia kama magunzi itawatajirisha, musimuamini. Kilo 600 ni makala ya jikoni za wamemba kadhaa kwa miezi kadhaa, ao mifuko michache ya kuuzisha masika, wakati njia imeharibika na bei ya makala inapanda mujini. Ni franga kidogo, lakini inarudi kila mwaka bila kukata kitu. Miombo ile nyuma ya shamba, ikikatwa, inalipa mara moja. Kuirudisha kama ilivyo kunaomba miaka 20 na zaidi, tena kama moto wa pori haupite kila mwaka.

Namna ya kufanya

1. Pipa. Tafuteni pipa la chuma la litre 200. Ulizeni lilibeba nini. Hapa Katanga mapipa mengi yanatoka ku mine na yalibeba asidi ao dawa za kusafisha madini. Yale hapana, hata kama yameoshwa, hata kama ni ya bure. Chukueni lililobeba mafuta, mulichome ndani likiwa wazi, mbali na nyumba, mbele ya kulitumia. Toboeni matundu matano ao sita chini yake, makubwa kama kidole gumba.

2. Moto. Wekeni pipa juu ya mawe matatu. Jazeni magunzi makavu, muache nafasi katikati kwa kuwashia. Washeni kutoka chini kwa majani makavu. Mwanzo moshi utakuwa mweupe na mingi. Ule ni maji yanayotoka. Pasipo mutu kuchoka, ngojeni. Moshi ukipungua na kuwa mwepesi, magunzi yamefika.

3. Kufunga. Toeni mawe, pipa liketi chini ku bulongo. Zungushieni udongo ku miguu yake, wekeni kifuniko, mupake matope mahali pote hewa inaweza kupita. Likibaki tundu moja, mutakuta majivu. Musifungue mpaka pipa limepoa kabisa. Ni vizuri mungoje kesho yake. Makala yenye joto ikipata hewa inawaka tena.

4. Kutwanga na kuchanganya. Twangeni makala iwe unga. Anzeni na kilo 1 ya karatasi kavu, iliyolowekwa na kutwangwa, kwa kilo 8 za makala ya unga. Kamateni donge mukononi na kulikamua. Likishikamana bila kupasuka, ni vizuri. Likivunjika, ongezeni uji wa karatasi kidogo. Kama karatasi hakuna, uji wa bunga ya muhogo, kilo 5 hivi za bunga kwa kilo 100.

5. Kufinyanga na kukausha. Kipande cha bomba na muti wa kusukumia vinatosha kwa kuanza. Anikeni ku jua mu kiangazi, siku tatu mpaka tano, mukigeuza. Pimeni donge moja leo na kesho. Kama uzito haushuke tena, limekauka. Liangusheni kutoka kiunoni. Lisipovunjika, linaweza kusafiri mu mufuko mpaka mujini.

Kiangazi njo wakati wake: mahindi imepurwa, jua liko, mikono iko na nafasi. Na mugawane kazi tangu mwanzo. Tumeona mahali bamama wanafanya yote, kutwanga, kuloweka, kuanika, na siku ya kuuzisha bapapa njo wanahesabu franga. Kazi haiendi mwaka wa pili namna ile. Andikeni mu kayé ya koperative nani alitwanga siku ngapi, mbele ya kilo ya kwanza kutoka.

Si kila takataka ni kuni

Hapa tunapaswa kusema kosa letu wenyewe. Mu koperative moja tuliwahi kuleta mifuko ya vipande kutoka imprimeri bila kuvichagua. Ndani kulikuwa kadi za mwaliko zenye plastiki juu. Madonge yalishika vizuri sana, tukafurahi. Siku ya kwanza ya kupika, mama mumoja alituita. Alisema: "Iyi makala yenu inanukia kama nailo, na kichwa inaniuma." Alikuwa na haki. Tulitupa yote na kuanza upya. Tangu siku ile tunachagua karatasi moja moja, mbele ya maji.

Musitumie hata kidogo:

– karatasi na kadi zenye plastiki ao kungaa kama kioo, na zile zenye wino wa rangi ya dhahabu ao ya feza;
– karatasi laini za tiketi ya mashine ya kulipia, ambazo zina dawa ndani;
– vitambaa vya kupangusia wino na mafuta ya kusafishia mashine. Vinaweza kuwaka ghafula, na moshi wake ni sumu;
– mbao zilizopakwa rangi, traverse za reli na nguzo za kuran zilizolowekwa mu dawa;
– mifuko iliyobeba dawa za mine, hata kwa kufungia makala tu;
– mahali pa moto pale watu walichoma waya juu ya kutoa shaba. Musichukue pale majivu wala makaa.

Karatasi nzuri ni ile nyeupe ya daftari na ya ofisi yenye wino mweusi, na gazeti la kawaida. Ukisita, acha.

Na neno moja la jikoni. Makala yoyote, ya muti ao ya magunzi, inatoa gazi isiyo na harufu inayoua mutu akilala. Mbabula inawakishwa inje. Usiku wa baridi wa mwezi wa sita, hata kama watoto wanatetemeka, mbabula haiingie mu chumba cha kulala.

Majivu irudi ku bulongo

Kiwanda cha karatasi kinakusanya dawa yake chini ya moto. Na sisi tuko na dawa chini ya moto wetu: majivu. Bulongo yetu nyekundu ya Katanga, mahali pengi iko na ukali, kwa lugha ya shule tunasema iko asidi. Mahindi na maharagi hazipendi. Majivu ya muti na ya magunzi iko na kalsiamu na potasiamu, na inapunguza ule ukali kama chokaa inavyofanya.

Kipimo ni gramu 100 mpaka 150 kwa kila metre moja ya mraba, ni kusema kopo dogo moja. Mwagieni juki mbili ao tatu mbele ya kupanda, mulime ndani. Kilo 60 za majivu zinatosha kwa metre za mraba 500 hivi: bustani, kitalu, ao kona ya maharagi. Musiweke siku moja na ure, kwa sababu nguvu ya ure inapotea hewani na mutakuwa mumetupa franga. Na musimwage juu ya miche midogo. Tumeona kitalu cha lengalenga kilichoungua chote kwa mukono mumoja wa majivu mbichi.

Lakini majivu inabeba siri ya mahali muti uliota. Shaba, risasi na kobalti haziungui. Kama muti uliota ku bulongo yenye sumu, moto unaondoa muti na kuacha ile chuma ndani ya majivu kidogo, yenye nguvu zaidi. Wote tunajua cheminée ya zamani ya Lubumbashi. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mu 1911, na moshi wake upepo uliupeleka miaka mingi upande wa Penga Penga, mahali hata leo majani inakataa kuota vizuri. Kuni na majani ya pembeni ya kiwanda, ya bingo la madini ao ya ukingo wa maji yanayotoka ku mine, majivu yake isifike ku mboga. Magunzi ya mashamba yenu mbali na mine haina shida hiyo.

Kile kisichochomwa

Kuna mutu atasema: kama magunzi ni mazuri, tuchome na mabua na majani ya mahindi, tutapata mara tatu. Hapana. Hapo njo kazi yetu ya kilimo inapingana na kazi ya makala, na tunachagua bulongo.

Bua na majani yanarudisha chakula cha bulongo. Yanafunika udongo kwa jua ya mwezi wa tisa, yanazuia mvua ya kwanza kubeba udongo, na yanalisha wadudu wadogo wanaofungua bulongo. Magunzi ni tofauti: iko na azoti kidogo sana, tena tumekwisha kuyabeba mpaka depo pamoja na mahindi. Basi sheria yetu ni rahisi: kilichobaki shambani kinabaki shambani, kilichofika depo kinaweza kwenda ku moto, na majivu inarudi shambani.

Tuseme nini kwa ile koperative?

Hatutawaamulia. Miombo ni yao, masomo ya watoto ni ya watoto wao. Lakini tunawaomba wafanye vitu vitatu mbele ya kupiga kura tena.

Kwanza, mwaka ujao wapime magunzi yote ku bascule, wayaweke chini ya paa, wafanye pipa moja tu la majaribio, na kuhesabu: kilo ngapi, siku ngapi za kazi, bei gani mujini. Namba zao wenyewe zitakuwa bora kuliko namba zetu.

Pili, kama ni lazima kukata miti kidogo, wasing'oe mizizi. Muputu na mutondo zinachipuka tena ku kisiki kama moto wa pori hauzipiti. Wakate upande mumoja, waache mwingine, waandike mwaka.

Tatu, wamuulize yule mufanyabiashara swali moja: akiisha kukata, mwaka wa pili atakuja kununua nini? Magunzi itakuwa ku depo mwaka wa pili, na wa tatu, kila mara mahindi imekuwa.

Mukifanya pipa lenu, tuletee kipimo wakati wa mukutano wa wamemba. Hata kama ilishindikana. Pipa lililotoa majivu tu linafundisha kama lile lililotoa makala.